Mtoto Asilale Kabla Chakula Hakijaiva

(Haya ni mazungumzo ya mama mmoja anayefanya kazi katika shamba la maua, aliyoyatoa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya upande wa Ziwa Naivasha. Tumeyapunguza kidogo, lakini maneno ni yake.)

Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, akina mama wenzangu, na nyinyi akina baba wachache ambao naona mmekaa huko nyuma karibu na mlango.

Nimeambiwa nizungumze juu ya chakula cha jioni katika nyumba ambayo mama anafanya kazi kutwa nzima. Nilipoambiwa nilicheka. Nilisema, mimi si mwalimu wa lishe, mimi kazi yangu ni kufunga maua. Mwenyekiti akaniambia, "Wewe tueleze tu yale yaliyokupata na jinsi mlivyofanya." Basi nitafanya hivyo. Mkiona nimepotea njia, mnirudishe.

SWALI LA MUUGUZI

Kabla sijaandikwa kazi nilikuwa nafanya vibarua na kufulia watu nguo. Pesa zilikuwa kidogo, tena si za kila siku, lakini saa 8 mchana nilikuwa nimesharudi nyumbani. Watoto walikula mapema. Halafu nikaandikwa. Sasa mshahara ukawa unaingia kila mwisho wa mwezi, nami nikawa nanunua vitu ambavyo zamani nilikuwa naviangalia tu dukani: mayai, maziwa, siku moja moja nyama. Nikajiambia, sasa watoto wangu wameponea.

Mwaka 2017 nilimpeleka kitinda mimba wangu kliniki. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mnajua kile kitabu cha kliniki kina mstari wa uzito. Mstari wa huyu mtoto ulikuwa unapanda vizuri, halafu kwa miezi mitatu ukawa umelala, haupandi. Muuguzi akaniuliza, "Mama, huyu anakula nini?" Nikamtajia kwa kujivuna kidogo: ugali, sukuma wiki, maharagwe, mayai, maziwa. Akaandika. Kisha akaniuliza, "Anakula saa ngapi?"

Hapo nilinyamaza.

Ngoja niwaeleze siku yangu ilivyokuwa. Naamka saa 11 alfajiri, saa 12 natoka. Jioni gari la kazini linatushusha barabarani, nafika kwenye ploti saa 12 kasorobo. Ndipo naanza kujiuliza, leo tutakula nini? Naenda kwa mama mboga. Narudi, naona maji hakuna, nachukua mtungi nasimama kwenye foleni. Narudi, nawasha jiko. Maharagwe hayakulowekwa, kwa hivyo yanachemka saa mbili, saa tatu. Chakula kinaiva saa 3 usiku, siku nyingine saa 4. Na mtoto wa mwaka mmoja na nusu amelala tangu saa 1 na nusu. Namwamsha, analia, anakula matonge mawili, analala tena. Siku nyingi namwonea huruma, namwacha alale. Asubuhi namwacha kwa mama anayemtunza, anakunywa chai na andazi.

Kumbe mtoto wangu alikuwa analala njaa katika nyumba yenye chakula! Sufuria imejaa, mtoto hana kitu tumboni. Yule muuguzi hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba tumbo la mtoto ni dogo, haliwezi kuweka akiba ya siku nzima. Mtoto wa umri ule anatakiwa kula mara 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati. Ukimnyima cha jioni, umemnyima sehemu kubwa ya siku yake.

Tena kulikuwa na jambo la pili ambalo sikuliona mpaka mwalimu aliponiita. Kifungua mimba wangu, msichana, alikuwa darasa la 6. Yeye ndiye alikuwa anateka maji, anachambua mboga, anapuliza jiko mpaka mimi nifike. Kazi ya shule alikuwa anaifanya saa 4 usiku huku anasinzia. Mwalimu alinionyesha daftari. Nusu ya hesabu hazikumalizwa. Kwa hivyo chakula chetu cha kuchelewa kilikuwa kinaumiza watoto wawili, mmoja tumboni na mwingine shuleni.

Wenzangu, mimi nilidhani shida ni pesa. Pesa ni shida, sitadanganya. Lakini chakula tulikuwa nacho. Shida yetu kubwa ilikuwa kwamba tulianza kufikiria chakula cha jioni jua likiwa limeshatua. Yale ninayotaka kusema leo yote yanatoka hapo.

ANZA KUPIKA ASUBUHI

Jambo la kwanza tulilobadilisha ni maharagwe. Siku hizi usiku kabla ya kulala nayachagua, nayaosha, nayaloweka kwenye maji mengi. Asubuhi namwaga yale maji, naweka mengine, nayabandika kwenye jiko lile lile ninalopikia chai. Yakilowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi na makaa kidogo. Hapa kwetu ni juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Ukiwa juu namna hii maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Huchemka kwenye 94 hivi. Ndiyo sababu dada yako aliyeolewa Mombasa anapika maharagwe upesi kuliko wewe. Si kwamba yeye ni hodari, ni mahali. Kwa hivyo sisi wa huku juu ndio tunaohitaji kuloweka zaidi.

Jambo la pili ni kikapu. Wengine wenu mmefundishwa kikapu cha kupikia katika semina, mkakiweka juu ya kabati kikawa cha kuwekea nguo. Kiteremsheni. Kwa wale wasiokijua, ni hivi. Chukua kikapu kikubwa, au hata katoni ngumu. Ndani yake pande zote na chini weka blanketi kuukuu, matambara, au majani makavu ya ndizi yaliyoshindiliwa vizuri, unene wa kiganja. Katikati acha shimo la kutosha sufuria yako na si zaidi. Shona mto wa matambara wa kufunika juu. Sufuria iwe na kifuniko kinachobana. Ukichemsha chakula na kukifungia humo, ule moto wake hauna pa kutokea, unaendelea kukipika pole pole bila makaa.

Maharagwe yangu nayachemsha nusu saa. Yakiwa makuukuu, dakika 45. Saa 12 kamili nayatoa jikoni yakiwa yanatokota, nayafungia kikapuni, naenda kazini. Jioni yameiva. Kinachobaki ni kitunguu, nyanya na chumvi.

Lakini sikilizeni maonyo matatu.

La kwanza, maharagwe mekundu yana sumu yao ya asili. Huondoka yakichemka kwa nguvu, si chini ya dakika 10. Usiweke kikapuni maharagwe yaliyopata joto tu. Yachemke kweli kweli kwanza.

La pili, sufuria iwe imejaa, na jioni kabla ya kula chemsha tena. Sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi, na chakula cha uvuguvugu ndicho vijidudu wanachopenda. Ukifungua ukakuta kimepoa kabisa, kina povu au harufu, kimwage. Usihurumie makaa ukasahau hospitali.

La tatu, jiko la makaa si la kuwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Asubuhi kuna baridi, najua, mtu anatamani kufunga mlango. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuonya, na inaua. Mimi jiko langu nalianzia nje, na hata mvua ikininyeshea nikaliingiza, mlango na dirisha viko wazi. Na watoto wasilifikie.

MBOGA, UNGA NA CHAI

Mboga usizikate asubuhi zikakaa zimekatwa mpaka jioni. Nguvu yake hupotea. Mimi nazichambua usiku nikiwa nimekaa na watoto tunazungumza, nazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu zikiwa nzima. Jioni naziosha, ndipo nazikata, nazipika muda mfupi na mafuta kidogo. Yale mafuta kidogo husaidia mwili kupata vitamini A. Kumwaga maji ya mboga ni kumwaga chakula.

Tena tusikwame kwenye sukuma wiki tu. Katika ploti zetu tumetoka kila mahali. Aliyetoka Magharibi anajua mrenda na kunde. Wa Kisii anajua managu na saga. Wa Kati anajua terere. Ulizaneni. Mimi mwenyewe saga nilifundishwa na jirani, na mara ya kwanza niliona chungu sana. Akaniambia nichanganye na maziwa. Sasa ndiyo mboga watoto wanagombania.

Omena ni rafiki wa mama anayechelewa kurudi. Ni wakavu, hawaozi upesi, wanapikwa robo saa. Unawachambua, unawaosha kwa maji moto mchanga utoke, unawakaanga na nyanya. Kwa sababu tunakula mpaka mfupa, watoto wanapata madini ya kujenga mifupa na meno. Kwa mtoto mdogo wakaushe, uwatwange, unyunyize kwenye uji au viazi vilivyopondwa.

Juu ya unga: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Soma pakiti, utaona imeandikwa. Unga wa posho mill wa kusaga mahindi mazima nao ni mzuri, lakini hauongezwi kitu, basi ukiutumia mboga na kitoweo visikose. Na mahindi yenye ukungu tusisage, hata kama tumeyanunua kwa jasho. Wazee wa Makueni na Kitui hawajasahau 2004, watu 125 walipokufa kwa sumu ya ukungu wa mahindi. Sumu hiyo haiishi kwa kuosha wala kwa kupika.

La mwisho hapa litawaudhi. Chai. Sisi Wakenya tunapenda kuteremshia ugali kwa chai. Chai ikiingia tumboni pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya mboga na maharagwe, na hayo ndiyo ya kuongeza damu. Sisemi tuache chai. Ngoja saa moja hivi, kisha unywe. Pamoja na chakula kunywa maji, na ukipata chungwa, papai au nyanya mbichi, hizo husaidia yale madini kuingia.

RATIBA YA WIKI

Sisi nyumbani tuliandika ratiba kwenye karatasi tukaibandika mlangoni. Si sheria. Ni ya kuondoa lile swali la saa 12 jioni, "leo tutakula nini?" Nitaisoma kama ilivyo:

Jumapili: Githeri, pamoja na viazi, karoti na kabichi. Hii ndiyo siku yangu ya mapumziko, kwa hivyo nachemsha ya siku mbili. Ya kesho naitenga kabla ya kutia nyanya na mafuta, na naichemsha tena asubuhi.

Jumatatu: Githeri iliyobaki, imechemshwa tena na kukaangwa, na terere.

Jumanne: Ugali, omena na sukuma wiki. (Usiku: loweka maharagwe.)

Jumatano: Maharagwe ya kikapuni na viazi vitamu. Vikipatikana vile vya rangi ya karoti ndani, ni bora zaidi kwa macho ya watoto.

Alhamisi: Ugali, mayai na managu au kunde. (Usiku: loweka ndengu.)

Ijumaa: Ndengu za kikapuni na wali. Wali tunapika wa kumalizika usiku ule ule. Wali uliolala bila kuwekwa mahali pa baridi unaweza kuharibu tumbo.

Jumamosi: Samaki wa ziwani au nyama kidogo, ugali na mboga yoyote iliyopo.

Mtaona nyama si nyingi. Hata pesa si nyingi. Lakini hakuna jioni ambayo ni ugali na kitu kimoja tu, na hakuna jioni ya katikati ya wiki inayonidai zaidi ya dakika 45 nikishafika. Mtoto mdogo anakula saa 1 kasorobo, macho yake yakiwa wazi.

KAZI YA JIKONI NA BABA WATOTO

Sasa akina baba, msitoroke. Mlango nauona.

Mume wangu ni askari wa usiku. Anaingia kazini saa 12 jioni. Asubuhi anarudi analala, anaamka saa 8 mchana. Kwa hivyo kati ya saa 8 na saa 11 na nusu kuna mtu mzima nyumbani kwangu, ana mikono miwili, na maji yako mita 50. Lakini hayo maji yalikuwa yananingoja mimi.

Nilipomwambia, alisema, "Mimi nilioa ili nipike?" Sikubishana. Nilimpa kile kitabu cha kliniki nikamwambia akisome mwenyewe. Ni mtu wa hesabu, alisomea ufundi wa stima. Aliangalia ule mstari wa miezi mitatu muda mrefu. Hakusema kitu. Siku iliyofuata nilikuta mitungi imejaa.

Baadaye akaanza kumchukua mtoto kwa yule mama, akimpa parachichi au ndizi saa 10. Kisha akaanza kuwasha jiko saa 11 na kukaanga kitunguu kabla ya kutoka, ili mimi nifike moto uko tayari. Wenzake kwenye ploti walimcheka, ati amekaliwa na bibi. Kulikuwa na juma zima aliacha kwa sababu ya maneno hayo, na juma hilo tulirudi kula saa 3. Mtoto akalala tena bila kula, mara mbili. Baba yake aliporudi asubuhi akauliza, nikamwambia ukweli. Tangu siku hiyo wakicheka anawaambia, "Njooni basi mumlishe nyinyi." Wawili kati ya waliokuwa wakicheka siku hizi nawaona kwenye foleni ya maji.

Msichana wetu tulimpunguzia. Alibaki na kazi ya kuchambua mboga usiku pamoja na ndugu yake mvulana. Ndiyo, mvulana. Mboga hazimuulizi mtu kama ni msichana au mvulana. Jioni kabla ya giza ni wakati wa vitabu.

FEBRUARI NA CHUNGU CHA ZAMU

Kuna jambo ambalo ratiba haikuweza kulimaliza. Nyinyi mnaofanya kazi kwenye maua mnajua Januari kuelekea tarehe 14 Februari. Ulaya wanataka waridi, na sisi tunafunga mpaka usiku. Ovataimu ni pesa, hakuna anayeikataa. Lakini ukifika nyumbani saa 4, kikapu kinakusaidia nini? Nani atampakulia mtoto?

Hapo tulikaa chini akina mama watatu wa ploti moja, ambao zamu zetu hazilingani. Tukakubaliana: anayetoka mapema siku hiyo anapikia watoto wa nyumba zote tatu. Watoto ni wanane. Wanakula pamoja saa 12 na nusu, kila mmoja na sahani yake, wanafanya kazi ya shule pamoja. Sisi tukaita chungu cha zamu.

Sitawaficha, mwezi wa kwanza nusura tukosane. Mmoja alipika ugali na kabichi tupu siku yake, na siku ya mwingine watoto walikula samaki. Maneno yakaanza, nani anatoa nini, nani anakula jasho la nani. Tuliketi tena tukaandika: kila siku ya zamu lazima kuwe na unga kiasi fulani, kitoweo kimoja, na mboga za majani. Asiyekuwa na pesa siku hiyo aseme mapema, siyo kupika kidogo kwa siri. Tukaandika pia ni mtoto gani tumbo lake halipendi nini. Tangu tuliandika, hatujagombana kwa sababu hiyo. Tumegombana kwa sababu nyingine, lakini si hiyo!

KIKUNDI KINUNUE PAMOJA

Hapa ndipo nawageukia nyinyi kama vikundi. Tunajua kuchanga pesa za sahani na vikombe, na hiyo ni nzuri. Lakini mwanachama akinunua maharagwe kikombe kikombe kwa kioski ananunua ghali kuliko wote, na siku akikosa za kikombe, ratiba imekufa.

Hesabu yangu ni hii. Nyumba ya watu watano hula karibu nusu kilo ya maharagwe kavu kwa jioni moja. Jioni tatu kwa wiki ni kilo moja na nusu, kwa mwezi kilo 6. Gunia la kilo 90 linatosha wanachama 15 mwezi mzima. Kikundi chetu kinanunua wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, tunagawana siku ya mkutano kwa mizani, kila mtu akiona. Anayeweka akiba ahakikishe ni makavu kabisa, na gunia lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta.

Na hata wewe mpangaji usiye na shamba, gunia la udongo mbele ya mlango lenye mawe katikati ya kupitishia maji linaweza kukupa sukuma na managu. Maji uliyooshea mboga yanalitosha. Mimi ninayo mawili.

KABLA SIJAKETI

Mtaniuliza, na mtoto je? Mwezi wa kwanza mstari haukusogea. Nilivunjika moyo. Muuguzi akaniambia nisiache. Mwezi wa pili ukainuka kidogo, wa tatu ukainuka tena. Haukupanda kama mlima, ulipanda kama ngazi. Leo yeye ni kijana mkubwa wa shule ya msingi na anakula kuliko mimi. Na yule dada yake alimaliza kidato cha nne mwaka 2023.

Bado kuna jioni zinanishinda. Kuna siku nimesahau kuloweka, siku makaa ni mabichi, siku nimechoka nikanunua chips kwa kibanda. Sijihukumu kwa siku moja. Chips si sumu. Lakini zikiwa ndizo chakula cha kila jioni, mtoto anashiba bila kujengeka.

Nawaomba kitu kimoja tu. Leo mkirudi, msiangalie kwanza kilicho ndani ya sufuria. Angalieni saa. Mwone yule mdogo kuliko wote katika nyumba anapewa sahani yake saa ngapi, na kama yuko macho. Mkishajua hiyo saa, mtajua pa kuanzia.

Mwenyekiti, nimemaliza. Na wale akina baba wa nyuma, chai iko tayari, lakini ngojeni saa moja baada ya githeri!

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zetu, mtoto mdogo anakula cha jioni saa ngapi? Kila mmoja aangalie kwa siku tatu, kisha tuambiane ukweli.

2. Ni kazi gani za chakula cha jioni zinazoweza kufanywa asubuhi au usiku wa kuamkia siku hiyo? Nani mwingine nyumbani anaweza kuzifanya?

3. Ni nani katika kikundi ana kikapu cha kupikia? Anaweza kutuonyesha namna ya kukitengeneza katika mkutano ujao?

4. Majirani wangapi wanaweza kuanza chungu cha zamu? Ni mambo gani yaandikwe kwanza ili wasikosane?

5. Kikundi chetu kikinunua gunia moja la maharagwe au ndengu pamoja, kila mwanachama atatoa kiasi gani, na litawekwa wapi?